Kliniki ya afya ya akili iliyomuuliza mdogo wangu kama anapanda mikarafuu

Mdogo wangu ana miaka 23, na tangu mwaka jana nampeleka kliniki ya afya ya akili katika hospitali moja hapa Pemba. Jina nalihifadhi, kwa sababu lipo la kulalamika na lipo la kushukuru.

La kulalamika kwanza. Alikuwa akitumia haloperidoli, dawa ya maradhi ya akili, vidonge viwili usiku. Mwezi wa tatu tukapewa bahasha ileile, imeandikwa "2 usiku" kama kawaida. Kumbe vidonge vya mwanzo vilikuwa vya miligramu 1.5, na hivi ni vya 5. Hatukuambiwa kitu. Niliona rangi imebadilika, nikadhani kiwanda kingine.

Siku ya pili jioni tumekaa ukumbini, shingo yake ikaanza kujipinda. Taya limekaza, macho yamekwea juu, maneno hayatoki. Jirani akaingia anasoma Ayatul Kursiyu, mjomba anatafuta gari aende kwa mganga. Bahati yetu mwenye gari alikataa kwenda kokote ila hospitali. Akachomwa sindano ya promethazini, na saa haijatimia shingo ikarudi mahali pake. Tukaelezwa kuwa hilo ni dhara linalojulikana la dawa hizi, hasa kwa vijana wa kiume, siku za mwanzo au dozi ikiongezwa. Sasa kutoka miligramu 3 hadi 10 kwa usiku mmoja, shingo gani isingepinda?

Nilirudi kliniki na bahasha mkononi na hasira kifuani. Nesi, mama wa makamo, hakuniambia kuwa nimekosea kuhesabu. Alimimina vidonge kiganjani, akakigeuza kimoja, akasogea dirishani kwenye mwanga, akanyamaza. Halafu: "Hili kosa letu, mwanangu." Akaliandika daftarini nikiwa nimekaa pale pale. Tangu siku hiyo bahasha yetu inaandikwa miligramu, na kila miadi tunakwenda na vidonge vilivyobaki vihesabiwe.

Ni huyo huyo aliyemuuliza mdogo wangu, bila kuzunguka, kama amewahi kufikiria kujiua. Nilitaka kumziba mdomo, nikiona anamtia wazo. Akanambia kuuliza hakumpi mtu wazo, humpa nafasi ya kusema. Na kweli, akasema. Mambo niliyoyasikia pale sikuwa nayajua, na tunalala nyumba moja. Tulipotoka tulikuwa na dawa za wiki mbili badala ya mwezi, mimi ndiye ninazifungia kashani, na kwenye karatasi kuna majina matatu ya watu wa kuwapigia simu usiku ukiwa mzito. La kwanza alichagua mwenyewe: mwalimu wake wa madrasa, si mimi. Nilinuna kidogo.

Swali la mwisho ndilo lililonishangaza: "Unapanda mikarafuu?" Dawa zinaleta usingizi na kizunguzungu, na mkarafuu si mti wa kukwewa na mtu anayesinzia. Daktari aliyeanza kumtibu hakuliuliza hilo.

Kasoro iliyobaki ni kwamba haya yote yanamtegemea nesi mmoja. Mwezi uliopita alikuwa likizo, bahasha ikarudi "2 usiku" bila miligramu. Nikagoma kuondoka dirishani mpaka ikaandikwa, na foleni nyuma yangu wakanisema sana.

Mdogo wangu msimu huu yuko mkekani na bibi anachambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, analalamika kuwa ni kazi ya wazee.