Shinikizo la Umma na Mkondo wa Sheria Dhidi ya Phorm
Kampuni ya Phorm ilipotaka kuchunguza kurasa zinazofunguliwa na wateja wa BT, kampuni ya simu na intaneti nchini Uingereza, ili iwaletee matangazo, wapinzani wake walishika njia mbili. Shinikizo la umma lilizaa matunda mapema: Aprili 2009 Amazon ilizuia tovuti zake zisichunguzwe, na Julai BT ikauweka mradi kando. Njia ya sheria ilijikongoja; ingawa BT ilikiri kufanya majaribio ya siri mwaka 2006 na 2007, bila hodi wala ruhusa ya wateja, waendesha mashtaka walikataa kufungua kesi mwaka 2011. Hata hivyo naithamini zaidi njia hii, kwani Tume ya Ulaya iliibana Uingereza mpaka ikarekebisha sheria yake ya faragha, jambo ambalo malalamiko peke yake yasingelileta.