Kuitembelea Fort Jesus kama jela: matembezi ya saa tatu, Mombasa

Jumamosi iliyopita nilijiunga na matembezi yanayoongozwa na kijana mmoja wa Mji wa Kale, ambaye huwapitisha wageni ngomeni akisimulia miaka ambayo Fort Jesus ilikuwa jela. Nililipa shilingi 800, mbali na tiketi ya kuingilia, na sijutii hata senti.

Waelekezi wengi niliowahi kufuatana nao husimulia kwa kirefu ujenzi wa 1593 na jinsi Waomani walivyoitwaa ngome mwaka 1698, kisha hupita haraka kwenye jela ya Waingereza. Huyu alianzia hapo hapo. Kuanzia 1895 hadi 1958, alisema, watu walifungwa ndani ya kuta hizi kwa miaka 63, na si rahisi kudhani kwamba wenyeji wa wakati huo walitarajia siku moja pangekuwa mahali pa kuleta watoto wa shule. Karibu na saa tano, jua likiwaka, alituomba tuchuchumae safu mbili uani kama wafungwa wanaohesabiwa, akatuhesabu polepole, akasimama katikati, akaanza upya. Magoti yalikuwa yakinitetemeka kabla hajafika wa mwisho. Mama aliyekuwa kando yangu alijifunika uso kwa leso yake, na baadaye akatuambia kuwa mwanawe alikaa mahabusu miezi saba katika gereza moja la pwani kwa kukosa fedha za dhamana, kisha kesi ikatupwa. Hakuna aliyepiga picha tena uani.

Kutoka hapo tulipanda tuktuk hadi mtaa wa Majengo, na sehemu hii ndiyo iliyonigusa zaidi. Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa bandari, reli, mahoteli na majumbani waligoma kwa siku 12, wakikutana kila siku mahali walipopaita Kiwanja cha Maskini. Chege Kibachia, aliyekuja kuongoza chama chao, alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka huo na kuwekwa kizuizini Baragoi, mbali kabisa na bahari. Mwelekezi alieleza vyema kwamba serikali iliwaogopa kwa sababu walikuwa pamoja, na kwamba kumtenga mtu mmoja kulikuwa njia ya kuuvunja umoja huo.

Aliunganisha hayo na wanaodai magereza yakomeshwe kabisa, akataja Critical Resistance, kundi lililoanzishwa California mwaka 1997, mwanaharakati Mmarekani Angela Davis akiwa miongoni mwa waanzilishi. Mwalimu mmoja mstaafu akauliza, “Na muuaji je, mwanangu, tumpeleke wapi?” Kijana alijibu kwa adabu kwamba wengi walioko ndani si wauaji. Ni kweli, lakini swali la mwalimu lilibaki palepale, na ningependa angalau aitaje sheria yetu ya 1998 inayomruhusu hakimu kumpa mkosaji kazi ya kuhudumia jamii badala ya kifungo kisichozidi miaka mitatu. Mimi naunga mkono madai ya kukomesha magereza, na kwa sababu hiyo hiyo nataka yatetewe kikamilifu.

Kasoro nyingine ni ndogo: tulikuwa watu 19, na wa nyuma hawakusikia vizuri kwa kelele za barabarani. Matembezi huanza saa tatu asubuhi langoni. Chukua maji, na mwenye maumivu ya magoti amwambie mwelekezi mapema ili ahesabiwe akiwa amesimama.