Uzoefu wangu: kusomea udaktari kwa simu wakati wa korona

Vyuo vya Kenya vilipofungwa Machi 2020 nilikuwa mwaka wa tatu, ndio kwanza tumeanza kuonja wadi. Nikarudi nyumbani Kilifi, na baada ya muda tukaambiwa masomo yanaendelea mtandaoni. Kwa kuwa naulizwa sana siku hizi na wanaotaka kozi za nusu darasani nusu mtandaoni, nasema niliyoyaona.

Mhadhara wa moja kwa moja kwa video simshauri mtu. Unakula bando, mhadhiri anakatika katikati ya sentensi, na hakosi mmoja aliyesahau kuzima maikrofoni ukasikia jogoo wa kwao mpaka mwisho wa kipindi. Aliyetuokoa ni mwalimu wa famakolojia, somo la dawa. Aliachana na video, akawa anarekodi sauti tu na kuituma kwenye kundi la WhatsApp pamoja na slaidi. Faili ndogo, unaipakua usiku bando likiwa rahisi. Dawa za presha nilizirudia mpaka zikaniingia, jambo ambalo ukumbini, ukiwa umekaa nyuma, hulipati. Nyota tano. Kadi za Anki, programu ya kujiuliza maswali na kukumbuka majibu, nazo nazipa tano: kwenye Android ni bure na zinafanya kazi bila intaneti.

Moyo ndio ulionipa taabu. Tulitumiwa sauti za moyo, darasa zima likaitikia "tumesikia, daktari". Mimi niliona kimya kitupu. Sauti ya tatu ya moyo, ile ya ziada baada ya zile mbili za kawaida, na ule mngurumo wa vali ya mitrali (mlango kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo) iliyobana, ambayo huku kwetu mara nyingi chanzo chake ni homa ya rumatiki, ni sauti nzito za chini sana. Ndiyo maana stetoskopu ina ule upande wa kikombe. Spika ya simu haina uwezo wa kuzitoa. Nilipoazima hedifoni za binamu yangu, mngurumo ukaja, hafifu lakini upo.

Tumbo ni habari nyingine. Video inaonyesha vizuri jinsi ya kutafuta bandama: mkono unaanzia chini kulia, unapanda mshazari kuelekea mbavu za kushoto, mgonjwa akivuta pumzi ukingo unakuja kugonga vidole. Nikamlaza mdogo wangu mkekani.

"Kaka, wanitekenya!"

Tumbo likakakamaa kama ubao. Isitoshe kijana ni mzima, bandama yake imejificha mbavuni inakotakiwa kuwa. Na video haikwambii ubonyeze kwa nguvu gani. Hilo nililijua tuliporudi wadini, kwa mtoto aliyekuwa ameugua malaria mara kwa mara mpaka bandama ikavimba. Daktari aliweka mkono wake juu ya wangu, akaulegeza. "Usiifukuze. Ngoja ije yenyewe." Ikaja. Kwa hiyo masomo ya vitendo kwa video nayapa nyota moja, tena kwa huruma.

Mitihani ya mtandaoni niiache, tutagombana bure.

Kabla hujalipa karo, uliza kama mihadhara inapakuliwa, na siku za wadini ni ngapi kwa muhula. Wakikujibu kwa maneno mengi bila idadi, tafuta kwingine. Na hedifoni nunua za waya. Hazina haja ya chaji, na stima za kwetu mwazijua.