Wikipedia ya Kiingereza na tuhuma dhidi ya walio hai
Wikipedia ya Kiingereza ina kanuni kuhusu wasifu wa watu walio hai, na kanuni yenyewe ni nzuri: tuhuma nzito isiyo na chanzo cha kuaminika huondolewa papo hapo bila kusubiri mjadala. Ilitungwa mwaka 2005, baada ya wasifu wa John Seigenthaler, mwandishi wa habari wa Marekani, kukaa miezi 4 ukimhusisha kwa uongo na mauaji ya Rais Kennedy. Nyaraka za mahakama peke yake hazikubaliwi kuwa ushahidi wa tuhuma, na ndivyo inavyostahili.

Udhaifu uko kwenye historia ya ukurasa, yaani kumbukumbu ya matoleo yake yote. Ukifuta sentensi, toleo la zamani bado linasomeka. Basi usiishie kufuta: mwombe msimamizi alifiche, tena kwa faragha, maana ombi la hadharani huwavuta watu kwenye kashfa ileile. Kurasa zisizo na wafuatiliaji, kwa masikitiko, huchelewa kusafishwa.