Kitabu cha maadili cha Aristotle, nakala ya mtumba Posta: kinunue, ila anzia sehemu ya 8

Wadau wa vitabu, ukipita Posta hapa Dar kwa wale wanaopanga vitabu vya mtumba chini ukakuta Nicomachean Ethics ya Aristotle, chukua. Yangu nimepata kwa elfu kumi baada ya kuongea na muuzaji, tafsiri ya kiingereza, jalada limechoka ila kurasa zote zipo. Maandishi madogo sana, usiku macho yanauma.

Sio kitabu cha kusoma umesimama kwenye mwendokasi. Mzee Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alizaliwa 384 KK, akafundisha Athens, na maandishi yenyewe yamekaa kama notsi za darasani, hakuna hadithi, ni hoja juu ya hoja, sehemu 10. Anauliza maisha mazuri ya binadamu ni yapi. Hela anaiondoa mapema kabisa maana tunaitafuta kwa ajili ya kitu kingine, starehe na heshima nazo anaona hazitoshi, afu anasema ni kuishi kwa kutenda wema, tena maisha mazima sio siku moja, na wema wenyewe hatuzaliwi nao, tunaupata kwa kuufanya mara kwa mara, kama mtu anavyokuwa mjenzi kwa kujenga.

Sehemu ya 4 ndo imenikamata. Anasema ukarimu uko kati ya ubahili na kufuja mali, kisha anamtaja mtu anayewaandalia wenzake wa kikundi chakula cha kawaida kwa gharama za karamu ya harusi, ili tu aonekane tajiri. Jamani, hii imeandikwa zaidi ya miaka 2300 iliyopita! Nikawaza kamati zetu za harusi, mtu anaahidi milioni kwenye grupu la WhatsApp na kodi ya nyumba hajalipa. Na hasemi watu wasitoe, hapana, anataka wenye uwezo wagharamie mambo makubwa ya mji kama meli za vita. Anachouliza ni unampa nani, kiasi gani, lini na kwa sababu gani, na hayo maswali manne yangekaa mezani kwenye vikao vyetu tungeumizana kidogo sana.

Sehemu ya 8 na ya 9 ni za urafiki, tamu kuliko zote. Kuna marafiki wa faida, wa starehe, na wale wanaopendana kwa ajili ya wema wa mwenzake, hawa wachache na wanahitaji muda, anakumbusha msemo wa kwao kwamba watu hawajuani mpaka wale chumvi pamoja.

Ila humo humo sehemu ya 8 anaandika kwamba mtumwa ni kifaa chenye uhai. Anaongeza kwamba kama binadamu unaweza kuwa rafiki yake, lakini kwa sisi wa pwani hii, Bagamoyo ikiwa hapo jirani, sentensi hiyo haimezeki, na inauma zaidi ikitoka kwa mtu aliyeuelewa urafiki kiasi hicho. Nimepunguza nyota moja, nakipa nne kati ya tano.

Kama una mtu wa kusoma nae anzeni na ya 8, mrudi ya 1 hadi ya 4, ile ya 5 ya haki ni nzito iacheni mpaka mmemzoea, na mkipata nakala yenye maelezo chini ya kurasa ongezeni hela mchukue hiyo.