Roboti ndogo ya kukagua mabomba baharini: uzoefu wangu pwani ya Kilwa

Ukimuuliza muuzaji kuhusu roboti ya kukagua mabomba chini ya bahari, ataanza na kamera. Mimi ningeanza na kebo, ile inayoiunganisha roboti na laptopu huku juu.

Ninayotumia ni ya daraja dogo. Mtu mmoja anaibeba, ina rafadha sita za umeme, betri iko ndani yake, na imeundwa kushuka hadi mita 100, ambako presha ni kama bar 11. Unaiendesha kwa laptopu na padi ileile ya gemu. Kazi zangu ni za kina kifupi upande wa Kilwa, pwani hiyohiyo ambako tangu 2004 gesi ya Songo Songo inapita kwenye bomba la chini ya bahari, takriban kilomita 25, hadi Somanga. Visima vya gesi vya bahari kuu huko kusini, kwenye kina cha zaidi ya mita 2,000, ni habari nyingine kabisa. Huko hushushwa mitambo mizito ya haidroliki kwa winchi kutoka melini.

Maji yakiwa maangavu, inafurahisha. Unalifuata bomba, unaona pale mkondo ulipouchimba mchanga likabaki linaning'inia bila kuegemea kitu, koti la zege lilipobanduka, nyavu zilizonasa, na anodi, yaani vipande vya metali vinavyofungwa kwenye bomba ili kutu ile hivyo kwanza, zilivyoliwa. Anodi zikiisha, kinachofuata kuliwa ni chuma chenyewe, kwa hiyo picha peke yake haitoshi. Nimeiongezea kipima volti chenye ncha ya kugusa chuma, kinacholinganisha volti ya bomba na ya elektrodi ya madini ya fedha: kikisoma volti hasi 0.80 au hasi zaidi, bomba bado lina kinga dhidi ya kutu. Shida ni kuibana ncha ile ikae. Roboti ni nyepesi, kila ikigusa inarudi nyuma. Ya rafadha nane ingenipunguzia jasho.

Sasa hiyo kebo. Imetengenezwa isielee wala isizame, na kweli haielei wala haizami, lakini mkondo unaisukuma urefu wake wote. Ukishatoa mita nyingi, roboti inakuwa kama mbuzi aliyefungwa kamba: inakimbia, kisha inavutwa shingo. Wakati wa bamvu, maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu, sijisumbui hata kupakia vifaa. Nasubiri maji mafu, na hata hapo naishusha kile kipindi kifupi maji yanaposimama kati ya kujaa na kupwa. Nahodha mwenyeji ataijua saa hiyo kwa kutazama tu. Mlipe vizuri.

Na kamera? Ni nzuri, ila ukikaribia midomo ya Rufiji baada ya masika, taa ndizo zinazokuharibia. Kadiri unavyoziongeza, ndivyo chembe za tope zinavyorudisha mwanga kwenye lenzi, skrini ikabaki nyeupe tupu. Nazipunguza, nazigeuza pembeni, nasogea hadi karibu nusu mita. Kama fedha zinatosha kitu kimoja tu cha ziada, nunua sona, kifaa kinachoona kwa mawimbi ya sauti, kwa sababu sona inapenya tope.

Tangazo halitakuambia kuhusu betri. Yangu ni ya wati-saa 266, na mzigo wa abiria kwenye ndege hauruhusiwi betri inayozidi 160, kwa hiyo jipange kwa gari. Kabla ya kuzamisha, nyonya hewa iliyomo ndani ya roboti kwa pampu ya mkono na usubiri robo saa. Mshale wa geji ukisogea, fungua utafute unywele au punje ya mchanga kwenye oringi, zile pete za mpira zinazozuia maji kuingia. Oringi za akiba, rafadha na grisi ya silikoni viagize pamoja na roboti, maana hapa dukani hutavipata.

Mzamiaji bado namhitaji. Roboti hii inaona na kupima, haikazi boliti. Lakini simshushi tena mtu kwa ajili ya kutazama tu.

Alama zangu: nne kati ya tano kwa maji maangavu. Kwa wa Rufiji asiye na sona, mbili.