Moodle 4.5 kwa vyuo vikuu: inafaa kuhamia, ila usiruke 4.1

Chuo kinachoendesha Moodle (programu ya kusomeshea mtandaoni) toleo la 3.9 au 3.11 mpaka leo kinasomesha kwenye mfumo usiopata tena marekebisho ya usalama. Mahali pazuri pa kuhamia ni 4.5. Lilitoka Oktoba 2024 likiwa toleo la muda mrefu, na litaendelea kuzibiwa mianya ya usalama hadi Oktoba 2027. Tunalipendekeza bila kusita, ila usidhani utapanda kwa hatua moja, kwa sababu 4.5 halipokei mfumo ulio chini ya 4.1.2.

PHP, lugha ya programu inayoendesha Moodle kwenye seva, ndiyo inayoamua mpangilio wa safari. Moodle 3.9 inaishia PHP 7.4, 4.1 inakubali 7.4 hadi 8.1, na 4.5 inataka 8.1 hadi 8.3. Kwa hiyo panda kwanza hadi 4.1 la mwisho ukiwa na PHP 7.4, badilisha PHP iwe 8.1, kisha ndipo uende 4.5. Kanzidata nayo ipandishwe ukiwa hapo katikati, kwenye 4.1: MySQL 8.0, MariaDB 10.6.7 au PostgreSQL 13, si chini ya hapo. Washa pia sodium (kiongezi cha PHP cha usimbaji fiche), na weka max_input_vars (kikomo cha sehemu ambazo PHP hupokea kwenye fomu moja) iwe 5000. Wengi hukwama hapa: PHP ya tovuti na PHP ya mstari wa amri zina faili tofauti za php.ini, wao hurekebisha moja tu, halafu wanashangaa ukaguzi wa Moodle unapokataa.

Fanya yote kwanza kwenye seva ya majaribio yenye nakala kamili ya data. Kabla ya kuiwasha, andika $CFG->noemailever = true; kwenye config.php (faili ya mipangilio) yake, la sivyo wanafunzi wataanza kupokea barua pepe kutoka mfumo wa majaribio.

Faili mpya zisimwagwe juu ya za zamani. Weka saraka mpya, rudisha config.php, kisha ongeza plagini (programu za nyongeza) moja moja baada ya kuhakikisha kila moja ina toleo la 4.5. Plagini ya BigBlueButton, ya mikutano ya video, usiirudishe, kwani tangu 4.0 imo ndani ya Moodle yenyewe. Plagini isiyo na mtunzaji ni heri kuiacha kabla ya siku ya kazi kuliko kuihangaikia usiku wa manane.

Bakapu ni vitu vitatu kwa pamoja: kanzidata, moodledata (saraka ya data ya Moodle) na saraka ya programu. Katika moodledata kilicho cha lazima ni filedir, zinamokaa faili zilizopakiwa na watumiaji. Cache, localcache na temp unaweza kuziacha. Nakili filedir kwa rsync, programu inayonakili tofauti tu, siku moja kabla, watu wakiendelea kutumia mfumo, halafu malizia tofauti tu ukishaingia kwenye hali ya matengenezo. Hapo saa za kufunga hupungua sana. Kumbuka upgrade.php ikishaanza kubadili majedwali hakuna kurudi nyuma isipokuwa kwa bakapu hiyo.

Tumia mstari wa amri, si kivinjari:

sudo -u www-data php admin/cli/upgrade.php

Ukiiendesha kama root (mtumiaji mkuu wa seva) badala ya www-data (mtumiaji wa tovuti), faili za kache zitamilikiwa na root na tovuti itashindwa kuziandika. Hatua ndefu ni ile iliyoletwa na 4.0, ya kuhamisha benki ya maswali kwenda muundo mpya unaotunza matoleo ya kila swali. Chuo chenye maswali mengi kinaweza kusubiri muda mrefu hapa, na kivinjari kitakata kabla kazi haijaisha.

Je, wahadhiri wanapata nini? Sehemu ndogo (subsections) ndani ya mada, na hilo peke yake linatosha kuhalalisha kazi. Kozi iliyokuwa ukurasa mrefu usioisha sasa hupangwa kwa wiki, na ndani yake kukawa na mhadhara, mazoezi na jaribio. Hakikisha sehemu ndogo imewashwa kwenye orodha ya shughuli. Kihariri cha kawaida sasa ni TinyMCE. Wafundishwe mapema, kwa kuwa Atto, kihariri cha zamani, imeondolewa kabisa kuanzia 5.0. Huduma za akili mnemba zimo, lakini zinahitaji akaunti ya nje ya kulipia, kwa hiyo ziacheni zimezimwa mpaka chuo kiwe na bajeti na sera.

Kwa wanafunzi wanaonunua bando, ruhusu jaribio kufanywa nje ya mtandao kupitia programu ya simu. Mpangilio huo hukaa kwenye kila jaribio, na mhadhiri asipouwasha, mwanafunzi hawezi kulifanya bila intaneti.